Vidole Viwili

Mwezi wa saba, huku Kidia, jua ni mgeni wa heshima:
huja saa saba, hukaa kidogo, huaga.
Mwenyeji ni ukungu. Hushuka toka msituni,
hupita kihambani bila kubisha hodi,
hulowesha migomba, hulowesha kuni,
huingia hadi ndani ya magoti ya mama yangu.

Nilipanda Jumamosi na mzigo wa soko la Memorial:
soksi za sufu jozi nne,
kofia ya kufuma,
koti la mtu wa Ulaya ambaye sijui alizeekea wapi.
Mama akalinusa. "Lina harufu ya kabati la watu,"
akasema, akalivaa.

Ngazi tatu za mlango wa nyuma zimeota ukoga,
zinateleza kama bamia.
Nikazipigilia vipande vya tairi
nilivyopewa na Ndosi, mshona makubadhi.
Mama alisimama na kikombe chake cha tangawizi
akihesabu misumari, kana kwamba ninamwibia.

Usiku nikamkuta anasukuma jiko chini ya kitanda.
Makaa yamekolea. Mlango umekomewa.
Dirisha amelisindilia gunia.

"Mama, hapana. Umemsahau Mzee Kirama?"

Hakuna aliyemsahau.
Walivunja mlango wakamkuta amelala ubavu,
shuka limenyooka, hana hata mkwaruzo.
Moshi unaouona hukutoa nje ukikohoa;
huu usio na rangi wala harufu
hukubembeleza.

"Baridi hii nilikuzaa ndani yake," akasema.
"Najua."
"Na moto ulikuwa ndani."
"Najua, mama. Lakini nyumba ile ilikuwa ya nyasi,
ilijua kupumua.
Hii tumekujengea sisi, kwa tofali na bati,
tukaziba kila tundu
tukidhani ni upendo."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaling'oa gunia
kama mtu anayemvua marehemu pete.

Tukakubaliana: jiko litoke kabla ya kulala.
Dirisha libaki wazi, upana wa vidole viwili,
vyake, si vyangu.
Miguuni, chupa ya maji moto ndani ya soksi.
Nami nitapiga simu kila saa tatu usiku.

"Jiko liko wapi?"
"Nje."
"Dirisha?"
"Vidole viwili. Lala, mwanangu."

Siku tisa hivyo. Nikajisifu, nisiseme uongo.
Nikamsimulia hata muuza chipsi wa Pasua
jinsi mama yangu anavyosikia maneno.

Siku ya kumi nikauliza, "Jiko liko wapi?"
"Nje."
Na nyuma ya sauti yake nikasikia chura,
nikasikia tone likianguka kwenye jani la mgomba,
tone jingine.
"Mama, na wewe uko wapi?"

"Niko nalo."

Siku zote hizo! Kwenye kigoda, ukunguni,
na koti la mtu wa Ulaya,
akiliaga jiko taratibu
kama unavyomsindikiza mgeni hadi njia panda
kwa sababu ukirudi ndani hakuna wa kuongea naye.

Nilikuwa na maneno makali, yamejaa mdomo.
Nikayameza.
Ningemwambia nini? Nimeiondoa hatari
na pamoja nayo nimemwondolea mwenziwe.

"Lina makaa mangapi?" nikauliza.
"Matatu. La nne linajifanya."
"Basi hamia jikoni nalo, mlango wazi. Nakungoja."

Akahama. Nikasikia kigoda kikiburuzwa.
Tukakaa. Akaniambia Mkunde wa jirani amefeli hesabu,
mbuzi mweupe anachechemea,
kahawa mwaka huu imekuwa bora kuliko bei yake.
Salio langu likakata, nikaongeza, nikapiga tena.
"Mkunde aje kusomea kwako jioni," nikasema.
"Hesabu siijui."
"Misumari ulihesabu."

Akacheka, akakohoa, akacheka.

"Sasa yamekufa," akasema. "Nakwenda kulala."
Nikamsikiliza akipanda zile tairi za Ndosi:
moja.
Mbili.
Akapumzika hapo, roho yangu mkononi.
Tatu.
Komeo.

"Dirisha?"
Hakujibu mara moja. Alikuwa anapima.